Erroll kwa binti, Kilmarnock kwa baba mdogo

Maswali ya wasomaji kuhusu mirathi yanajibiwa na karani mstaafu wa masjala ya mirathi mahakamani.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa historia, Kiambu. Huku kwetu, kwenye kanisa la St Paul's, ndiko alikozikwa Josslyn Hay, yule Lodi Erroll aliyepigwa risasi Karen mwaka 1941. Wanafunzi waliniuliza cheo chake kilimwendea nani, nami nikajibu kwamba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mdogo wake ndiye aliyerithi. Mwalimu mwenzangu akanipinga darasani, akasema aliyerithi ni binti. Nimesoma zaidi, nikachanganyikiwa kabisa: binti anaitwa Countess wa Erroll, na mdogo wa marehemu anaitwa Baron Kilmarnock, na wote wawili walianza kuitwa hivyo baada ya kifo kile kile. Cheo kinagawanywaje? Na kama binti alifaa kwa kimoja, kilichomnyima kingine ni nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mwenzako ana haki, nawe unayo, ila usimwambie nimesema hivyo mpaka wiki ya mitihani ipite.

Hakuna kilichogawanywa. Marehemu alikuwa na vyeo viwili, Earl wa Erroll (mwanamke akikishika huitwa Countess) na Baron Kilmarnock, ambacho ni cha ngazi ya chini, kila kimoja kikiwa na hati yake, na kila hati ina maneno yake kuhusu nani afuate. Wanaofiwa wakija masjalani, wengi huanza kunieleza nani alimpenda nani na nani alimuuguza mzee. Mimi nilikuwa nauliza kwanza: mali ipi, na imeandikwaje? Shamba lililoandikwa kwa jina la baba peke yake lina njia moja. Lililoandikwa kwa majina ya baba na mama kwa pamoja, mmoja akifa, humwangukia aliyebaki bila hata kupita kwenye meza yangu. Mashamba yanaweza kupakana na hata kulimwa kwa jembe moja, lakini njia ni mbili. Vyeo vya Waingereza ni hivyo hivyo, isipokuwa havina wasia. Mwenye cheo hawezi kukaa na wakili wake na kuandika kwamba kiende kwa fulani. Maneno yaliyoandikwa siku kilipoundwa ndiyo wasia, na yule aliyeyaandika alikwisha kuzikwa zamani.

Tuanze na Erroll, maana hilo ndilo faili nene.

Ni cheo cha Uskoti, wala si cha Uingereza yenyewe, na tofauti hiyo ndiyo iliyombeba binti. Ukoo wa Hay ulikuwa umekaa Erroll, kati ya Perth na Dundee, kabla hata ya cheo. Mwaka 1314, mwaka wa vita vya Bannockburn, Mfalme Robert Bruce alimpa Sir Gilbert Hay ukonstebo mkuu wa Uskoti, kazi ya kijeshi na ya ulinzi wa mfalme, na akampa iwe ya kurithiwa. Cheo cha Earl kilikuja baadaye, katikati ya karne ya 15. Kwa muda mrefu mtoto wa kiume alifuata baba, mambo yakaenda, na karani angesinzia tu.

Kisha akaja Gilbert Hay, Earl wa 11, ambaye hakupata mtoto. Huyu mzee namheshimu, maana ni miongoni mwa wachache katika hadithi hii waliokwenda kutengeneza karatasi zao wangali hai. Mwaka 1666 alikirudisha cheo mikononi mwa Mfalme Charles II na kupewa upya, safari hii kwa hati iliyomruhusu kumtaja atakayemfuata. Sheria ya Uskoti ya wakati ule iliruhusu jambo hilo. Ya Uingereza haikuruhusu. Mwaka 1674 akamtaja jamaa yake wa mbali, Sir John Hay wa Keillour, na mwaka huo huo akafa. John akawa Earl wa 12. Katika mpango huo mpya wanaume walitangulia, lakini wanaume wakiisha, mlango ulikuwa wazi kwa wanawake.

Wanaume wakaisha mapema kuliko mtu angedhani. Mwana wa John, Charles, hakuoa, akafariki mwaka 1717. Dada yake Mary akawa Countess wa Erroll kwa haki yake mwenyewe, wala si kwa kuolewa na mtu, na akakikalia cheo hicho miaka 41. Mumewe Alexander Falconer ndiye aliyeacha jina lake akaitwa Hay. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mwaka 1941 binti alipendelewa kwa kuwa dunia imebadilika, mwambie ukoo ule ulikuwa umekwisha kuongozwa na mwanamke miaka zaidi ya 200 kabla.

Mary naye hakuacha mtoto. Hapa ndipo jina Kilmarnock linapoingia, na linaingia na damu. Dada yake Mary, Margaret, alikuwa na binti aliyeitwa Anne, na Anne aliolewa na William Boyd, Earl wa Kilmarnock. Mwaka 1745 Uskoti ilipogawanyika kati ya mfalme aliyekuwa London na ukoo wa Stuart uliotaka kurudi, William Boyd akaenda na waasi. Mwanawe mkubwa James akabaki jeshini upande wa mfalme. Baba na mwana wakakutana uwanja wa Culloden, Aprili 1746, kila mmoja upande wake. Inasimuliwa kwamba baba alipopitishwa mateka mbele ya askari, kichwa wazi, upepo ukimpiga, kijana alitoka mstarini akamvisha kofia yake mwenyewe. Tarehe 18 Agosti mwaka huo William Boyd alikatwa kichwa London, Tower Hill, na cheo chake cha Earl wa Kilmarnock kikafutwa pamoja naye. Aliyehukumiwa kwa uhaini hakupoteza uhai tu. Watoto nao hawakuwa na cha kurithi kwake.

Lakini kijana James alikuwa na upande wa mama. Mwaka 1758 bibi Mary alipofariki, James akawa Earl wa Erroll wa 15. Alizaliwa Boyd, akachukua jina la Hay. Shika hapo, Mwalimu, tutaparudia.

Sasa faili la pili, ambalo ni jembamba. Tangu Uskoti na Uingereza ziungane mwaka 1707, malodi wa Uskoti hawakuingia wote katika Bunge la Malodi pale London. Walichagua 16 miongoni mwao kuwawakilisha. Kwa hiyo unaweza kuwa Earl wa cheo kikongwe kuliko majengo yote ya mtaa wako, na bado huna kiti. Dawa yake ilikuwa kupewa cheo kipya, hata kidogo, cha upande wa dola nzima. Earl wa 18 alikuwa na njia nzuri ya kuipata dawa hiyo: mwaka 1820 alimwoa Elizabeth FitzClarence, aliyezaliwa nje ya ndoa na mwigizaji wa jukwaani, Dorothea Jordan, na baba yake akiwa mwana wa mfalme. Mwaka 1830 mwana huyo akawa mfalme mwenyewe, William IV. Mwaka 1831 mkwe akawa Baron Kilmarnock. Jina lililofutwa kwa shoka la Tower Hill likarudi, kwa ngazi ya chini, kwa mkono wa baba mkwe. Na hati yenyewe, kama zilivyo karibu zote za namna hiyo, ilisema cheo kiende kwa warithi wa kiume waliotokana na mwili wake. Wa kiume, nukta.

Kwa miaka 110 hakuna aliyejali tofauti ya hati hizo mbili, kwa sababu kila mara palikuwa na mtoto wa kiume, naye alizoa vyote kwa pamoja. Mabwana watano, mmoja baada ya mwingine, walikuwa Earl wa Erroll na Baron Kilmarnock. Wa tano ndiye jirani yako wa St Paul's.

Yeye mwenyewe unamjua. Alizaliwa London mwaka 1901, akamwoa Lady Idina Sackville mwaka 1923, wakaja Kenya mwaka uliofuata, wakatengana, akamwoa Molly Ramsay-Hill. Cheo kilimkuta huku huku mwaka 1928 babake alipofariki. Mwaka 1939 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha walowezi wa Kiambu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 akauawa ndani ya gari lake, na mtoto wake pekee, Diana, alikuwa ametimiza miaka 15 mwezi ule ule, akilelewa Uingereza.

Fungua faili la Erroll: mwana wa kiume hakuna, hati ya Uskoti inamruhusu binti, basi Diana ni Countess wa Erroll wa 23, na Konstebo Mkuu wa Uskoti juu yake. Fungua faili la Kilmarnock: binti hahesabiwi, rudi nyuma kwa babake marehemu, kuna mwana mwingine wa kiume, Gilbert. Basi Gilbert ni Baron Kilmarnock wa 6. Risasi moja, vyeo viwili, na kila kimoja kikaenda kilikoagizwa. Tena mwaka huo huo wa 1941 Gilbert akaacha jina la Hay akajiita Boyd. Babu yao James alitoka Boyd akawa Hay ili ashike Erroll. Mjukuu akatoka Hay akawa Boyd kwa sababu ameshika Kilmarnock. Mimi ningekuwa kwenye masjala hiyo ningekunywa chai nikacheka peke yangu.

Mambo mawili madogo kabla sijafunga. Diana hakurithi kwa usawa wa watoto, kama inavyosema sheria yetu ya urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Alirithi kwa kuwa hakuwa na kaka. Angezaliwa mvulana hata siku moja kabla ya msiba, Diana angewekwa kando. Mwaka 2013 Waingereza walirekebisha urithi wa kiti cha enzi ili mtoto wa kwanza atangulie hata akiwa wa kike, lakini vyeo vya malodi hawakuvigusa.

La pili: bahati yake nyingine ni kwamba cheo kilikuwa cha Uskoti. Huko, wakiwapo mabinti watupu, mkubwa huchukua. Kuna vyeo vya zamani vya Uingereza ambavyo vinaweza kwenda kwa wanawake, lakini mabinti wakiwa wawili au zaidi wote huhesabiwa sawa, na kwa kuwa cheo hakikatwi vipande, hakuna anayekipata. Kinaning'inia mpaka abaki mrithi mmoja au mfalme amteue mmoja wao. Cheo cha Baron Grey wa Codnor kilianza kuning'inia mwaka 1496, kikashushwa mwaka 1989. Miaka 493! Na watu walikuwa wakinilalamikia mimi kwamba faili lao limekaa miezi minane.

SWALI: Mzee, mimi niko Naivasha. Kule Oserian kuna lile jumba la kandokando ya ziwa lililokuwa la Lodi Erroll. Kwa nini binti yake hakulipata? Na kweli, nani alimuua?

JIBU: Jumba halikuwa lake kwa asili. Lilijengwa na mume wa Molly wa kabla yake, Cyril Ramsay-Hill, na Josslyn aliliingia kwa mlango wa ndoa. Molly alifariki mwaka 1939. Ukisikia «jumba la Lodi», usidhani cheo kilikuwa na ardhi Naivasha. Cheo hakina shamba. Mali huenda kwa wasia na kwa madeni, na kwa watu wa namna ile madeni ndiyo yaliyokuwa mrithi wa kwanza.

Hata kwao Uskoti ilikuwa hivyo. Ngome yao ya Slains, juu ya majabali ya bahari ya Aberdeenshire, iliuzwa na babu yake Josslyn mwaka 1916. Mwaka 1925 ikaezuliwa paa ili mwenye nayo asilipe kodi, na mpaka leo ni kuta tu. Kwa hiyo binti wa miaka 15 alipewa cheo cha karne tano, na ngome isiyo na paa ambayo ni ya watu wengine.

Kuhusu muuaji: Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa Nairobi, na tarehe 1 Julai 1941 akaachiliwa. Desemba 1942 akafia hotelini Liverpool kwa morfini. Hakuna mwingine aliyepandishwa kizimbani. Barua za kunitajia muuaji nazipokea kila mara tukigusa habari hizi. Tafadhali zipelekeni kwa mhariri. Ninachoweza kuongeza kama karani ni kwamba Broughton naye alikuwa na cheo cha kurithi, ubaroneti, ambacho hakimpi mtu kiti Bungeni, na kilimwendea mwanawe bila tatizo.

SWALI: Je, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au wa kuasili, anaweza kuwa lodi?

JIBU: Wa kuasili hawezi. Tangu mwaka 2004 wameruhusiwa kutumia zile heshima ndogo za mbele ya jina ambazo watoto wa malodi huitwa, lakini cheo chenyewe hawarithi.

Wa nje ya ndoa naye ana shida, na mfano uko ndani ya ukoo huu huu. Baron Kilmarnock wa 7, mwana wa yule Gilbert, alikuwa na mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa kabla wazazi hawajafunga ndoa; baadaye wakaifunga. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1926 ilikuwa imekubali kwamba ndoa ya baadaye inamhalalisha mtoto, lakini vyeo ikaviacha nje kwa makusudi. Baba alipofariki mwaka 2009, mwanawe hai, mtu mzima, damu yake halisi, akarukwa, cheo kikaenda kwa ndugu wa marehemu. Nimeona ndugu wengi wakichukua kisichowastahili, lakini hapa sheria ndiyo iliyomkabidhi, na hakuna wa kumlaumu ila walioitunga. Kwangu mimi hiki ndicho kifungu kibovu kuliko vyote nilivyovitaja. Usisahau kwamba cheo hicho cha Kilmarnock kilipatikana mwaka 1831 kwa sababu ya mke aliyezaliwa nje ya ndoa.

SWALI: Mtu akirithi cheo na hakitaki, anakikataa?

JIBU: Siku hizi anaweza. Zamani hakuweza, na Tony Benn aliteseka kwa hilo. Babake alipewa cheo cha Viscount Stansgate mwaka 1942. Mzee alipofariki mwaka 1960, Benn, mbunge wa kuchaguliwa, akajikuta amekuwa lodi bila kupenda na akafukuzwa kwenye bunge la wananchi. Wapiga kura wa Bristol wakamchagua tena mwaka 1961, na mahakama ya uchaguzi ikampa kiti aliyeshindwa. Alipigana mpaka sheria ikabadilishwa tarehe 31 Julai 1963, na siku hiyo hiyo akakitua. Miezi michache baadaye Earl wa Home naye akakitua chake ili awe Waziri Mkuu anayekaa bungeni na wabunge wa kuchaguliwa.

Muda ni mwaka mmoja tangu urithi. Na anayekitua anakitua kwa maisha yake tu, hawezi kuwatulia watoto. Benn alipofariki mwaka 2014, mwanawe mkubwa akawa Viscount.

Sheria hiyo hiyo ya 1963 iliwafungulia milango ya Bunge la Malodi wanawake wenye vyeo vya kurithi, na malodi wote wa Uskoti. Diana akapata haki ya kukaa mahali ambapo babu zake walihitaji cheo cha pili ili waingie. Alifariki mwaka 1978. Mwanawe, Merlin Hay, akawa Earl wa 24, na mwaka 1985 akarithi pia ubaroneti wa babake, Sir Iain Moncreiffe, ila jina la ukoo likabaki la mama. Mwaka 1999 malodi wa kurithi walipoondolewa bungeni wakabakizwa 92, yeye alichaguliwa kuwa mmoja wao. Mwaka 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwaondoa na hao waliobaki. Muswada huo ulihusu viti tu. Cheo chenyewe kingali na hati ya 1666.